Makofi Matatu ya Neno la Maziwa

Mjukuu wangu alipiga makofi matatu, wakamcheka. Mwalimu mkuu alifunika mdomo kwa kiganja. Yule mwalimu jirani yetu hakufunika chochote, alicheka meno yote nje. Neno lilikuwa maziwa, kwa Kiingereza, na kumbe linataka kofi moja tu. Mtoto akanitazama mimi. Darasa la kwanza ilikuwa imebaki nafasi moja, na pale pale nikajua imekwenda.

Mimi niliishia darasa la nne kule Maramba. Kiingereza nakisikia kwa watalii wanaopanda milima ya Amani, basi. Lakini silabi nazijua. Tulifundishwa kwa makofi: ma-zi-wa, kila mlio na kofi lake. Niliposikia watoto watapimwa kwa kuhesabu silabi za Kiingereza, nilimwambia mjukuu, hili letu.

Hata hivyo sikujiamini. Nikamwita huyo jirani, maana anasomesha shule hiyo hiyo. Akaja barazani, "Shikamoo, bi mkubwa," nikammiminia kahawa. Nikamuuliza kama Kiingereza nacho kinapigwa makofi vilevile.

"Bi mkubwa nawe! Silabi ni silabi. Mpigishe kama Kiswahili tu."

"Hakika?"

"Wallahi. Huyu atawafunga wote."

Basi tukawa tunakaa mkekani tukichambua kunde, kila kofi punje moja sahanini. Maziwa ya Kiingereza punje tatu, mi-li-ki. Mkate nao tatu, be-re-di. Jirani akipita anatusikia. "Kaza hapo hapo, mwanangu!" Anakwenda zake anatabasamu. Nami nikadhani ni tabasamu la upendo.

Nafasi ile kapewa mtoto wa dada yake. Nimemsikia mwenyewe uani kwao: maziwa, kofi moja, mkate, kofi moja. Hakosei. Nani alimfundisha?

Majirani wananituliza, "Bi wee, binadamu husahau." Alisahau kwangu, akakumbuka kwa dada yake? Na mwalimu mkuu aliyekaa naye meza moja, hakujua mtoto yule ni wa nani? Simtoi lawamani huyo.

Siku hizi jirani akiniona anakata uchochoro wa pili. Mwalimu, mlango wangu haujahama. Njoo usimame hapa kizingitini, umtazame mtoto huyu usoni, unijibu: ulijua, au hukujua?