Saba ya Kikoneni

Bi Biasha wa Msambweni hakumwonea Twaiba wivu kwa ujana wala kwa leso mpya. Wivu ulimwingia siku kijimashine cha kupimia sukari kilipoonyesha saba.

Mume wao, Chirau, alikuwa na kisukari mwaka wa nne. Alikaa siku tatu kwa Biasha, siku tatu kwa Twaiba, mke mdogo, kule Kikoneni. Akitoka kwa Biasha alipima kumi na tatu. Akirudi kutoka Kikoneni, saba.

"Huko unapewa nini?"

"Dawa ya miti. Siri ya mwenyewe," Chirau alicheka. "Mama Randu, kwako nanenepa, kule napona."

Maneno hayo yalimkaa kifuani. Miaka ishirini na sita alimwandalia mahamri kwa mbaazi za nazi, isije ikasemwa kwa mke mkubwa kuna njaa. Kumwuliza Twaiba hakutaka; hawakuwa wakisemezana. Alinunua karela sokoni, yale matunda machungu yasemwayo hushusha sukari, akazisaga, akakamua kikombe kizima.

Asubuhi ya zamu yake Chirau alifika, akameza vidonge vyake vya hospitali, akanywa karela huku amekunja uso.

"Na mahamri?"

"Leo hakuna. Tutapima saa sita. Nataka tano."

Saa tano na nusu alikuwa akitokwa na jasho, mikono ikimtetemeka. "Twaiba," alimwita, "nipe maji."

Biasha alimgeuzia mgongo. Aliona kuwa anamwita jina la mke mwenzake kusudi. Kikombe kilipoanguka ndipo alipogeuka na kuyaona macho yake. Alimpima: mbili na nusu. Akamkorogea maji ya sukari, akamnywesha kidogo kidogo, kisha akasimamisha tuktuk.

Hospitalini daktari aliuliza mgonjwa ametumia nini. Biasha alitaja vidonge na karela.

"Hakuna kingine?"

"Kingine anakijua mwenzangu."

"Basi mpigie, mama. Sasa hivi."

Alipiga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Chirau yuko hospitalini, sukari imeshuka. Wewe humpa nini?"

"Unga wa kokwa za zambarau, kijiko kila asubuhi. Leo amekunywa kabla ya kuondoka, akasema atakula kwako. Wewe je?"

"Karela. Kikombe."

"Amekula nini?"

Biasha alitazama ukuta. "Hakula."

"Mimi humlisha kwanza, dada. Kisha twaenda shamba, twalima mpaka adhuhuri. Sijui ni zambarau au ni jembe."

Daktari alisema huenda dawa zote zimekutana katika tumbo tupu. Akazuia za miti, zote mbili, mpaka atakapomwona tena.

Alasiri Chirau aliweza kukaa. "Twaiba yuaja?" lilikuwa neno lake la kwanza.

Twaiba alipotokea mlangoni na kikapu chake, Biasha alikuwa ameshika bakuli la uji. Alimwona. Akaendelea kumlisha mumewe, kijiko baada ya kijiko, bila haraka, mpaka bakuli likaisha.

Ndipo akasema, "Karibu."