Siku Nzima na Samaki Moja

Mu kartie yetu hakukuwa mutu munene kupita Melchior, na nasema vile kwa heshima, juu ile unene ndiyo ilikuwa kazi yake. Melchior anauzisha matela, magodoro ya sponji, hapa Butembo tangu miaka makumi mbili. Bauzishaji bengine banasifia matela kwa mudomo. Yeye hapana. Mukiliya akiingia mu depo, Melchior alikuwa anajilalisha tu juu ya matela na kilo zake mia moja na makumi tano, anageuka huku, anageuka kule, kiisha anasimama na anasema: angalia. Matela inarudi vile ilikuwa. Mukiliya anatosha pesa. Batu balitoka mupaka Manguredjipa, zahabu mu mufuko, kuya kununua matela yenye Melchior alikuwa amelalia.

Mais ile kilo yote, mwenye kuibeba alikuwa yeye. Magoti ilimuuma, sukari ilipanda mu damu, na akilala pumuzi ilikuwa inakatika kabisa, mupaka bibi yake Kavuo amupige kiwiko mu mbavu ndipo irudi. Kavuo alisemaka kama tangu aolewe hajalala, anafanya zamu sawa mulinzi. Munganga alimuambia Melchior bila kuzunguka: ukiendelea hivi, ndoa ya Salomon hautaiona. Salomon ni mutoto wake wa kwanza. Alikuwa amekwisha kupata Elikia, binti wa Beni, na mbuzi kumi na mbili za mahari zilikuwa zimekwisha kufungwa nyuma ya nyumba.

Basi Melchior alienda Kampala. Kule banganga balimutoboa mashimo tano madogo, balipitisha byuma byabo, balikata ule mufuko wa ndani wenye chakula inaingiaka, na balitupa sehemu kubwa. Balimubakishia kipande sawa ndizi moja. Musicheke, ni ukweli, na alilipa yeye mwenyewe.

Mais hapa kwetu aliaga kama anaenda kutafuta matela. Kavuo peke yake ndiye alijua. Akarudi, na Kavuo akamwambia aseme ukweli mbele batu babuni ukweli yabo. Melchior alikataa. Haya ilikuwa inamukula.

« Kavuo, batu ba Luofu na ba Kanyabayonga balikimbia vita, banalala mu nyumba za masomo na njaa. Miye nitabaambia nini? Kama nililipa munganga juu nisiweze kula? »

Kavuo alitwaa karatasi za hospitali, akazificha mu sanduku.

Sasa sikia. Mu Butembo, mutu mwenye depo akikonda, hakuna mwenye atasema alipenda. Kuko neno moja tu, karuho. Ni sumu ya pole pole: unakula kwa mutu leo, unarudi kwako muzima, kiisha mwili inaisha kidogo kidogo sawa sabuni mu maji. Mwezi wa kwanza Melchior alipoteza kilo kumi na sita. Jirani balianza kuya kumuona. Balikaa, balimuangalia mukanda wake wenye alikuwa ametoboa matundu mapya na musumari, balitikisa kichwa, na balimuachia chakula. Kuku. Ndizi. Maharagi na mawese. Melchior anakula bijiko tatu, anaweka kijiko chini, anasema nimeshiba, wasingya, ndiyo kusema aksanti. Balitoka pale na machozi. Karuho imemufunga njia, balisema, haiko vile mutu anashibaka.

Ile chakula yote, Kavuo aliona mubaya kuitupa. Kwa miezi tatu Melchior alipoteza kilo makumi ine, na Kavuo aliongeza kumi na moja. Hata yeye balianza kumuangalia kwa jicho la pembeni.

Balileta na mutu wa kutapisha, muzee moja na bidon ya dawa litre mbili. Melchior alikunywa mafunda mbili na tumbo ikajaa. Muzee alimusihi, alimukaripia, alimushika pua, mais ndizi ni ndizi. Mwishoni alisema kama tangu azaliwe hajakuta sumu yenye nguvu hivi, na alienda na bidon yake. Na mu depo nako mambo iliharibika. Melchior alikuwa anajilalisha juu ya matela na matela haishuke tena. Bakiliya balisema hii ya mwaka huu ni ngumu, na balienda kununua fasi ingine.

Mambo ingebakia ya kuchekesha tu, mais ikabidi kutafutwa mwenye alitoa sumu. Mwenye kutafuta alikuwa Kasika, dada mukubwa wa Melchior, ndiye alimulea kisha mama yabo kufa, na mu familia yote hakuna mwenye anamukatia neno. Kasika alihesabu mu bidole yake chakula ya mwisho ya mudogo wake mbele akonde. Hesabu yake ilifika Beni, kwa Mama Yolande, mama ya Elikia.

Yolande ni mwalimu wa shule ya musingi. Alitoka Mbandaka na bwana yake askari, bwana akafa, Serikali ikamusahau pale Beni na chaki mu mukono. Siku Melchior alikuwa anaenda Kampala, alipitia kwake kumusalimia. Yolande alimupikia liboke, samaki na nyanya na pilipili mu majani, chakula ya kwabo. Melchior alikula sita, alimushukuru, alipanda motokari ya kwenda Kasindi, akavuka mupaka. Na vile alirudi, bote balimuona.

« Chakula ya kufungwa mu majani, » Kasika alisema, « nani aliona kama mule ndani balifunga nini? »

Pale pale alituma neno Beni kama ndoa hakuna tena. Siku tatu Salomon alikaa nyuma ya nyumba na mbuzi. Bijana ba kartie balianza kusemezana kama Beni haiko mbali, na kama nyumba ya mwalimu wa sumu ni ya mbao, inaweza kuwaka mbio. Siku Melchior alisikia ile, alifunga depo mbele ya saa. Alijua sasa kama juu ya haya yake yeye, mwanamuke mwenye alimupikia vizuri anaweza kuchomwa muzima.

Siku ya tano aliita familia mu barza na alisema yote. Kampala, byuma, mufuko wenye ulikatwa. Kiisha Kasika alianza kulia, ile kulia ya matanga, na alisema: ona sasa, karuho imefika ku kichwa.

Melchior alipandisha shati, alionyesha alama zake tano. Kasika alisema yeye alipasuliwa mara mbili juu ya batoto, anajua alama ya kisu ni namna gani, inatoka huku mupaka huku, na hii tupele haiko kitu. Melchior alileta karatasi za hospitali. Salomon alijaribu kuzisoma, mais zilikuwa za Kingereza, na Kasika alisema karatasi za Kampala anazijua, hata ku matela banaandikaka kama haiishe miaka kumi. Na tena, aliuliza, mutu gani wa Butembo anaweza kununua njaa kwa pesa yake? Bote balikubali kama hayuko. Melchior mwenyewe, kwa kweli, karibu akubali nabo.

Ile mangaribi Kavuo alimupigia Yolande simu kwa siri, akamuelezea. Yolande aliamini mara moja. Mutu mwenye alifundisha batoto makumi saba mu darasa moja na mushahara ya kuchelewa, hakuna jambo ya bana-damu yenye itamushangaza tena. Aliuliza tu mambo mbili: anaweza kula nini, na anakula namna gani. Kavuo alimujibu.

Kesho yake, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa tatu ya asubui, Yolande alishuka mu taxi mbele ya nyumba, na robo, nguo yake ya kanisani, na kitunga ku mukono. Familia yote ilikuwa pale. Hakusalimia kwa sauti kubwa. Alisimama mbele ya Kasika.

« Mama, munasema niliua huyu mutu. Niko hapa. Samaki ni ile ile, mikono ni ile ile. Akule mbele yenu. Akianguka, munifunge. Asipoanguka, munirudishie jina yangu. »

Kasika ni mukali, mais ni mutu wa sheria. Alikubali, na yeye ndiye aliweka masharti. Melchior atamaliza samaki nzima. Akitapika, ni sumu inajionyesha. Hakuna mwenye atatoka mupaka sahani iishe. Na hakuna mwenye atakula ao kunywa kitu ingine mu hii nyumba, juu kesho mutu asiseme ilikuwa maharagi ya Kavuo. Aliingia mu jikoni yeye mwenyewe na alimwangia maji ku moto.

Yolande alifungua jani moja. Samaki ilikuwa laini, urefu wa mukono mupaka ku kiwiko. Melchior aliiangalia. Zamani alikuwa anaimaliza mbele mutu amalize kusema sala ya chakula. Sasa banganga ba Kampala balimuachia amri: tonge sawa mbegu ya haragi, utafune mara makumi mbili na tano, umeze, ungojee, usikunywe maji juu yake. Na ukizidisha, inarudi. Leo ikirudi, ni mwanamuke wa Mbandaka atalipa.

Alitwaa tonge ya kwanza. Yolande alikaa mbele yake na alianza kuhesabu kwa sauti, vile anahesabia batoto ba mwaka wa kwanza: moja, mbili, tatu. Mupaka makumi mbili na tano. Melchior akameza. Bote ku barza balivuta pumuzi. Tonge ya pili. Saa tano ilikuta amemaliza mukia tu. Baba mudogo moja alikuwa amesinzia, bamama balikuwa banahesabu na Yolande bila kujua kama banahesabu, na ku lupango, mu kiwanja ya nyumba, batoto ba jirani nabo banahesabu.

Saa sita, shemeji moja alinunguna: jamani, kula sawa mwanaume, tuko na kazi. Melchior aliona haya, alitwaa tonge kubwa. Haikupita. Ilisimama pale chini ya mbavu, mate ikamujaa mudomo, jasho ikatoka. Kasika alisogeza kiti. Melchior aliogopa sawa hajaogopa hata mu chumba ya kupasuliwa. Mu macho yake aliona tu nyumba ya mbao inawaka.

« Simama, » Yolande alisema pole. « Tembea. »

Alitembea. Alizunguka lupango, Yolande ku mukono wake wa kuume, na nyuma yabo familia yote mustari moja, Kasika mbele, juu asiteme kwa siri. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bapita-njia balitosha kofia, balifikiri ni mazishi. Mara ya nane, Melchior alitoa mbeu moja kubwa, ile hewa ya tumbo, na tonge ikashuka. Mutu mumoja alipiga makofi. Balimurudisha ku kiti, bakaanza tena, moja, mbili, tatu.

Sasa Kasika alikuwa na jambo yenye hakuna aliwaza. Tangu jana asubui alifika kwa mukutano na akalala pale, hakukula kitu. Mu hii nyumba alikuwa anaogopa hata chai, juu ya vile Kavuo alikuwa ananona. Saa nane tumbo yake ililia, na Salomon alisikia. Saa tisa alisema anasikia baridi, mais jua ilikuwa inawaka. Kitunga ya Yolande ilikuwa pale chini, liboke tano ndani yake, na harufu ya samaki na nyanya ilikuwa inajaza barza. Kasika aliangalia kitunga. Aliangalia sahani ya Melchior. Aliangalia jikoni yenye alizimisha kwa mikono yake.

Saa kumi alikohoa kidogo.

« Mwalimu, » alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumuita vile. « Ile ingine iko na pilipili mingi? »

Yolande aliinama ku kitunga. Alitosha liboke moja, alimuwekea ku magoti. Kasika alifungua jani yeye mwenyewe, aliinama, alinusa, alitwaa kipande cha mugongo, na alikula. Hakuna mwenye alihesabu. Alikula ile yote, alitosha miiba moja moja, na alinyoosha mukono ku kitunga kutwaa ya pili. Pale bengine bote balisogea na baligawana zenye zilibakia.

Kasika aliongea na mudomo bado umejaa. Alimwambia Salomon kama kesho apeleke mbuzi Beni, zote kumi na mbili.

« Zile ni za mutoto wangu, » Yolande alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka sasa, kisha siku nzima ya kuhesabu. « Muliniita muuaji. Mbuzi ya jina yangu iko wapi? »

Kasika aliacha kutafuna. Alipanguza vidole ku kitenge chake, pole pole, kimoja kimoja.

« Yako itatoka kwangu, » alisema. « Ile yenye mimba. »

Yolande alifunika uso na mikono na alilia, na Kavuo alikaa karibu yake. Mu sahani ya Melchior kulikuwa kungali samaki ya bijiko mbili. Alisikia ameshiba. Aliweka sahani chini, na hakuna mutu aliiangalia.