Gari Nililolirudisha Bwera

Mwanangu, maana mtoto wa ndugu yangu ni wangu, katika asubuhi zote za maisha yangu ipo moja ninayoikumbuka kuliko nyingine: ile niliyotoka Kasese na gari moja nikarudi na jingine. Sogea hapa nikusimulie, maana nasikia na wewe unataka kununua gari, na mkeo naye ana lake analolitaka. Sitakuambia ununue lipi. Subiri nifike mwisho.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi nilikuwa bado kijana. Nilikodi mashamba ya mpunga kule Mubuku, na mchele nikiuza Bwera, mpakani, kwa Wakongomani. Mchele ulikwenda na lori la kukodi. Gari langu mwenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, milango miwili, liko chini mno, ukilikanyagia mafuta unaisikia barabara yote mgongoni. Nililitafuta muda mrefu kabla sijalipata, na watu wa mtaani kwetu Nyamwamba walinijua kwa mlio wake kabla hawajaniona uso. Biira, mke wangu, nilimchumbia nalo. Kila Jumapili baada ya misa nilimfuata kwao Kinyamaseke, na mama yake akisikia ule mlio anamwambia, “Haya, yule kichaa wako amefika.”

Tulioana, tukakaa miaka bila mtoto. Sitaki kukusimulia maneno ya watu, unawajua watu. Kisha Biira akapata mimba, na safari hii ikakaa. Tumbo likakua mpaka hawezi kutoka kwenye kile kiti cha chini bila mimi kumvuta mikono yote miwili. Siku moja nikamvuta, tukacheka, halafu yeye akaacha kucheka.

“Bwambale, mtoto atakaa wapi humu?”

Nikatazama nyuma. Kulikuwa na kibenchi ambacho hata begi la sokoni linabanwa.

Kule Bwera nilikuwa na rafiki, mfanyabiashara wa Butembo, kule Kongo, tulimwita Papa Kambale. Yeye alikuwa na gari kubwa jeusi la familia, milango minne, viti vya ngozi, ndani kumetulia kama kanisani siku ya kazi. Kila akiniona alilizunguka langu akilipapasa. “Tubadilishane,” alikuwa akiniambia, na mimi nacheka. Sasa nikaanza kulifikiria neno lake.

Mwanangu, nililipima jambo lile mpaka nikakosa usingizi. Nilimwambia Biira tungoje kwanza mtoto azaliwe. Yeye alitaka mtoto akute nafasi yake iko tayari. Hakunilazimisha. Alikaa tu mlangoni, mkono juu ya tumbo, akasema, “Ukilipenda sana libaki. Lakini mimi nikifumba macho namwona amekaa kiti cha nyuma, anapiga miguu.” Kesho yake nikaenda Bwera, tukabadilishana. Nilipofika nyumbani na lile jeusi, Biira alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa pale peke yake muda mrefu. Alitoka akitabasamu.

Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Wakunga waliniita ndani, nikamkuta Biira amemshika, amemfunika vizuri kama mtu anayeogopa baridi itampata. Tulimpeleka mlimani kwa baba yangu, tukamzika kwenye migomba. Njia nzima Biira alikaa kiti cha nyuma na mtoto mapajani. Mimi naendesha. Nilipoangalia kioo nilimwona anamnong'oneza, na mpaka leo sijui alimwambia nini, sikuwahi kumuuliza.

Baada ya hapo Biira hakukaa tena mbele. Tukienda sokoni, nyuma. Tukienda kanisani, nyuma. Mimi kila nikitazama kioo namwona yeye na ile nafasi pembeni yake. Nikaanza kulichukia lile gari. Niliona ndilo lililotuletea mkosi, kwamba nilikuwa mtu mwenye furaha, nikaacha furaha yangu Bwera kwa ajili ya kiti kitupu. Usinicheke, mwanangu. Mtu mwenye huzuni hutafuta kitu cha kulaumu, na gari halijibu.

Ndipo ile asubuhi nikaondoka bila kumwambia. Papa Kambale nilimkuta dukani kwake.

“Pole sana kwa mutoto,” akasema, akanishika mkono asiuachie. “Unataka gari yako? Mi niko na batoto bane, bibi yangu iko nanigombeza kila siku, ati tunakaa mule kama samaki ya mukebe. Chukua. Lakini bibi yako, iko anajua?”

“Anajua,” nikasema.

Akaniangalia kidogo. Kisha akanipa funguo.

Nakuambia ukweli: niliporudi nalo, kwenye ile tambarare ya mbuga, madirisha wazi, nilijisikia kijana tena. Nilipita Kinyamaseke kwa kasi. Nilisahau kila kitu, hata kaburi, na nilifurahi kusahau.

Nyumbani nikamkuta baba yangu amekaa kizingitini, kofia iko magotini. Alikuwa ameshuka kutoka mlimani kutujulia hali.

“Biira amepanda teksi kwenda kwa mama yake,” akasema. “Amechoka. Amesema umfuate jioni na gari, mrudi pamoja.” Halafu akaliona gari nyuma yangu. “Lile kubwa liko wapi?”

“Nimelirudisha, baba.”

“Mlikubaliana?”

“Gari ni langu, baba.”

Baba yangu hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku ile hakuipandisha.

“Na lile kaburi kule kwangu,” akauliza, “nalo ni lako peke yako?”

Nikazificha funguo mfukoni.

“Ulikuwa unaumia, ukaenda kujitafutia dawa. Huyu mwenzako anayeumia, ulimtafutia nini? Toka hapa. Mfuate mke wako.” Akavaa kofia yake, akaondoka, hata chai hakungoja.

Nilifika Kinyamaseke jua likianza kuinama. Biira alikuwa uani anachambua maharage na mama yake. Hakusimama.

“Nilisikia ukipita mchana,” akasema. “Nikamwambia mama, siyo yeye. Lile gari tuliliacha.”

Kisha akainuka, akaja mpaka dirishani, akainama kuchungulia ndani. Aliangalia kile kibenchi cha nyuma. Aliangalia sana.

“Mimi nitakaa hapo mbele,” akasema taratibu. “Na mwingine je?”

“Biira, hakuna mwingine.”

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyejibiwa swali alilokuwa nalo siku nyingi. “Basi wewe umeshamaliza. Mimi bado nilikuwa nangoja.”

Nilimsihi mpaka mama yake akaingia ndani kwa aibu. Siku zilizofuata nilirudi, nikaapa, nikampeleka baba yangu, nikampeleka na katekista wetu. Biira alitupokea vizuri, akapiga magoti kumsalimu baba, akatupa chakula. Kurudi hakurudi. Nilikwenda Bwera kulitafuta lile gari jeusi, nikaambiwa Papa Kambale amehama na watu wake, amerudi Butembo. Baadaye nikasikia Biira ameolewa upande wa pili wa mpaka, na ana watoto. Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikaingia ndani nikafunga mlango. Sikuoa tena. Lile jekundu liliozea uani, kuku wakataga ndani yake.

Basi, mwanangu, hili ndilo nililokuitia. Kukaa kwenu na kupima, hili lina raha, lile lina nafasi, hakuna ubaya. Lakini kabla hujaamua, muulize mkeo anaona nini akilitazama lile analolitaka. Muulize, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Huenda wewe unaona bati na magurudumu, na yeye amemkalisha humo mtu ambaye bado hajazaliwa. Na msiba ukiwafika, Mungu apishe mbali, usijiamulie peke yako kwamba umekwisha. Mngoje mwenzako, hata akichelewa, hata ukichoka. Mimi sikungoja, na sina cha kukufariji nacho hapo.

Nenda sasa, mkeo asikae peke yake. Mungu awape watoto wa kuwapigia kelele, na akiwanyima, asiwanyime ninyi wawili kulia pamoja.