Vidole vya Muuza Kuku
Mama muuza kuku wa hapa Mkiwa huwa hatulii. Mkono wa kushoto umekamata jogoo, lakini vidole vitatu vya kulia vinabonyeza hewa, vikifuata tarumbeta ambalo bintiye Jesca analifanyia mazoezi nyuma ya nyumba. Majirani walipolalamika kwamba kelele zinawazuia kuku wake kutaga, alihamisha kuku, mtoto akabaki palepale. Jana shemeji yake akamwambia, “Huyu asomee uuguzi. Tarumbeta ni la harusi na misiba tu.” Mama akamfunga jogoo miguu bila haraka, akamkabidhi mteja, ndipo akamgeukia shemeji. Vidole vilikuwa bado vinabonyeza.

“Kwani shemeji, umesikia watu wanaacha kuoana? Au kufa?”