Nyama Iliyotakiwa Kukauka

Malaria ilimlaza mama wiki tatu, na ilipomtoka iliondoka na hamu yake ya chakula. Uji aliunusa tu. Samaki, sisi watu wa Karungu tunaoishi kwa samaki, alisema wananuka matope. Mikono yake ilikonda mpaka bangili ikawa haikai.

Ndipo baba akakumbuka rendang. Alipokuwa askari wa Waingereza kule Malaya, mpishi mmoja wa kambi, mtu wa Indonesia, alimpikia nyama ya ng'ombe kwa tui la nazi, polepole, mpaka mchuzi wote ukakauka na kuingia ndani ya nyama.

"Nilikuwa na homa kama hii yake," baba alisema. "Nyama ile ndiyo iliniamsha."

Nazi mbili zilitoka kwa mjomba wangu aliyefanya kazi kwenye reli, zikaja kwa treni, kisha kwa meli mpaka Homa Bay. Bizari na mdalasini tulinunua dukani kwa Mhindi. Mchaichai tulikuwa nao nyuma ya nyumba. Mbuzi ya kukunia nazi, kama ya watu wa pwani, hatukuwa nayo. Nilitoboa mkebe kwa msumari nikakunia hapo, nazi pamoja na vidole vyangu.

Kwetu mwanamume hagusi mwiko. Kwa hiyo baba aliweka kiti nje, hatua moja kutoka mlango wa jikoni, akaniamuru mimi, binti yake, kama kuruta.

"Koroga! Moto punguza!"

"Ndiyo, afande!"

Mke wa jirani akapita na mtungi. "Shemeji, leo umeolewa?"

"Niache, shemeji. Niko vitani."

Nilikoroga huku nikiota. Kwa harufu ile nilikuwa tayari melini, naenda Indonesia, tena nimevaa viatu.

Tui lilipoanza kutoa mafuta, baba alikwenda kuwahamisha ng'ombe, nami nikatoka kutafuta kuni. Niliporudi, dani, mama yake baba, alikuwa amesimama juu ya sufuria na kibuyu kitupu mkononi.

"Mlikuwa mnaiunguza, nyathina, mtoto wangu," aliniambia. "Mgonjwa anapewa mchuzi. Nani amewahi kumpa mgonjwa nyama kavu?"

Kibuyu kizima cha maji! Nyama zilikuwa zinaogelea. Nikalia, maana nazi nyingine hatukuwa nayo.

Baba aliporudi akachungulia, akavua kofia. "Mama," alimwambia dani, "mama..." Nani atamgombeza mama yake? Akanigeukia mimi, polepole: "Ongeza kuni. Tunaanza tena."

Jua likapinda, sisi tunakoroga. Na ile harufu, maji au hakuna maji, ikaingia mpaka chumba cha kulala. Mama akatokea akishika ukuta, leso mabegani.

"Ni nini hiki kinachonikataza kulala?"

Akakaa karibu na moto, akachukua mwiko wangu, akaopoa kipande, akakipuliza. Akatafuna. Akaopoa kingine. Kisha akamega ugali wa asubuhi, baridi vilevile, akauchovya.

"Si mnaona?" dani akasema. "Mchuzi."

"Lakini bado haijakauka!" baba akalia kule nje. "Hiyo siyo yenyewe!"

Mama akajifuta midomo. "Basi ikauke," alisema. "Nitakula tena."

Akanirudishia mwiko. Nikangoja amri ya baba, lakini alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake, ikabidi nikoroge bila kuamriwa.