Siku Niliyopanda Mizani ya Kahawa Kuwatetea Mabondia

Aibu hii huwa siisimulii mbele ya watu wa kwetu Kilema, kwa sababu wao hawahitaji kusimuliwa, walikuwepo, na wale wasiokuwepo walishapata habari zote kabla mimi sijarudishiwa suruali. Ninyi hamkuwepo, kwa hiyo bora mzisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku mlimani kununua kahawa, maana zamani unapeleka kwenye chama cha ushirika na mambo yanaishia hapo. Kampuni moja (jina naliacha, na yenyewe ilishakufa) ikafungua kituo kando ya barabara ya misheni, kibanda cha mabati na mizani moja kubwa, ile yenye bamba la chuma chini unapoweka gunia, na mimi Deo nikaajiriwa kuwa mpimaji. Nilipewa koti la kaki. Mama yangu alijivuna sana na lile koti. Alikuwa akileta kahawa yake kwangu na kupanga foleni kama wengine, tena makusudi akae nyuma, ili watu waone kwamba hapendelewi.

Ugonjwa wangu ulikuwa ngumi. Si kupigana (sijapigana na mtu hata siku moja, shuleni nilikuwa nakimbia), ni kubishana kuhusu ngumi. Na mbishi mwenzangu alikuwa Mwalimu Aloisi, rika langu, aliyefundisha hesabu shule ya msingi na kila Jumamosi alikuja kukaa pale kituoni bila kuwa na punje moja ya kahawa ya kuuza. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba uzito mtamu kuliko wote ni welter, ule wa mabondia wasiozidi kilo sitini na sita na ushei, kwa sababu wale wa uzito wa juu wanakumbatiana kama walevi, na wale wadogo wanakimbizana mpaka kengele, lakini welter ana mbio na konde lake linauma. Baada ya hapo hatukukubaliana tena.

Mwalimu alikuwa mtu wa vibanda vya video. Kwake, bingwa wa mabingwa ni yule tuliyempa jina la Fundi Cherehani, kwa jinsi ngumi zake zilivyofuatana bila nafasi katikati. Mimi nilisimama na kizazi kilichotangulia, wale waliosahaulika kwa bahati mbaya tu, kwamba walikuja baada ya mabingwa wenye majina makubwa na kabla video hazijafika Moshi, tukawasikia kwenye redio ya baba, nusu maneno, nusu mikwaruzo. Mkubwa wao kwangu ni yule niliyemwita Katekista, kwa sababu mtangazaji alisema huinamisha kichwa kama anayesali, halafu mtu anaanguka.

Jumamosi hiyo foleni ilikuwa ndefu, imefika mpaka kwenye migomba ya jirani, na sisi tulikuwa tumeshaanza.

"Wale wako walikuwa wanapimwa uzito asubuhi na kupigana siku hiyohiyo," nilisema huku napima magunia. "Siku hizi mtu anapimwa leo, anakwenda kula na kunywa maji ya kutosha, kesho anapanda ulingoni amenenepa. Huyo si welter, ni mtu wa uzito wa kati aliyejificha."

Mwalimu akacheka. "Walikuwa wangu au wako?"

"Wangu! Wangu ndio waliopimwa siku hiyohiyo!" (Nikikasirika maneno yanagongana.)

"Basi ndiyo sababu walikuwa dhaifu. Kilo sitini na sita kavu ni mtu mdogo, Deo. Fundi Cherehani angempeperusha."

"Mtu mdogo? Mimi nina kilo sitini na sita."

Nilisema kweli. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekwenda hospitali mjini kwa ajili ya tumbo, na muuguzi alinipima na kuandika kwenye cheti. Lakini Mwalimu alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akawageukia wenye magunia, akasema, "Jamani, huyu ni welter?" Foleni nzima ikacheka, na aliyecheka zaidi ni Bibi Ndeanasia, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, mama mtu mzima ambaye hata kanisani hatukuwahi kumwona akicheka.

Hapo ningeweza kunyamaza nikapima gunia lake. Badala yake nilisema nitapanda mizani. Na kwa vile bondia hapimwi na nguo zake (nani aliniuliza?), nilivua koti, nikavua shati, nikavua viatu, halafu suruali, nikamkabidhi Bibi Ndeanasia nikimwambia, "Bibi, naomba unishikie kidogo." Nikabaki na bukta ya mtumba, nyekundu, iliyoandikwa nyuma maneno ambayo mpaka leo sijui maana yake. Nikapanda kwenye bamba, nikakunja ngumi mbili mbele ya uso kama nilivyoona kwenye picha.

Mwalimu akasogeza jiwe la mizani polepole, akainama kusoma.

"Sitini," akasema. Halafu kwa sauti ya kutangaza: "Kilo sitini! Ndugu zangu, huyu ni uzito mwepesi!"

Watu walipiga vigelegele. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nashindwa mbele ya foleni nzima, na Katekista anashindwa pamoja na mimi, nikapaza sauti kutoka juu ya ile mizani, nikiwa na koti la kampuni pale chini miguuni:

"Mizani hii inadanganya! Inapunguza kilo sita nzima!"

Vigelegele vilikatika. Kisha Bibi Ndeanasia akauliza taratibu, "Umesema inapunguza nini, mwanangu?"

Mwalimu naye, ambaye hesabu ni kazi yake, alikuwa ameshaacha kucheka. Mtu mmoja akakimbia dukani akarudi amebeba mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, umeandikwa kilo hamsini, wakanishusha mimi na kuuweka wenyewe. Mizani ikasoma arobaini na tano na kitu.

Nikanyoosha mkono nipewe suruali. Bibi akaikunja vizuri, akaiweka chini ya gunia lake, akakalia gunia. "Itakaa hapa mpaka bosi wako afike," akasema. "Wewe usiende mahali." Nikajifunga gunia tupu kiunoni na kusubiri hivyo saa mbili, jua linapanda, watu wanaotoka misheni wanasimama kuuliza kulikoni.

Bosi alifika na pikapu yake. Alitazama mfuko wa saruji, akanitazama na gunia langu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akawaambia watu kwa upole kabisa, "Mimi nakaa mjini. Anayepima hapa ni huyu."

Macho yote yakanigeukia, na naomba mniamini, hapo ndipo nilipojiona uchi kwa kweli. Ndipo mama akatoka kule nyuma ya foleni. Hakuniangalia kwanza, alimwangalia bosi.

"Kama mwizi ni Deo, basi mtu wa kwanza kumwibia ni mimi mama yake, maana nimeuza hapa tangu msimu uanze," akasema. Halafu akanigeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mama."

"Na ulipoona kahawa inazidi ikifika kiwandani?"

Kwa kweli nilishamhadithia hilo mwenyewe nyumbani, kama kichekesho, kwamba kila lori likishuka mjini mzigo unakutwa umezidi kilo nilizoandika, na bosi anasema ni unyevu, na mimi najibu, ndiyo bosi.

"Sikuuliza," nikasema.

"Mpe suruali yake," mama akamwambia Bibi Ndeanasia, kisha akachukua debe lake la kahawa akaondoka.

Mtendaji wa kijiji aliitwa, bosi akabanwa mpaka akakubali kuwafidia watu. Kampuni ilileta mizani nyingine, na mpimaji mwingine. Mama hakunigombeza hata neno moja, ila kwa msimu mzima alibeba kahawa yake mpaka kwenye chama cha ushirika, mbali, na kila nilipojitolea kumsaidia aliniambia mzigo si mzito.

Ngumi bado nabishana, na Katekista bado simwachi. Ila tangu siku ile, kazi yoyote ninayopewa huwa nauliza maswali mengi mpaka wenye kazi wananichoka, na nayauliza mapema, nikiwa nimevaa nguo zangu zote.