Gitaa la Marehemu na Mvua ya Mawe

Wanaosema niliota, waambie saa nane mchana mtu haoti akiwa amesimama na bisibisi mkononi. Niliona kwa macho yangu haya mawili, hapa hapa Eldoret, miaka ile wazungu walikuwa wanauza mashamba na sisi tunachanga tununue. Na pombe sijawahi kuonja. Mimi ni mtu wa kanisa.

Mume wangu, Baba Wanjiru, alikuwa fundi wa redio. Duka letu lilikuwa nyuma ya soko. Lakini kitu alichopenda hasa ni magitaa ya umeme. Unajua gitaa la umeme hutoa sauti kwa nini? Ni sumaku. Chini ya nyuzi kuna kisanduku chembamba, na ndani yake sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Sumaku zake alizikata kutoka kwa simu kuukuu za kuzungusha kwa mkono, zile wazungu waliacha mashambani. Waya nilizungusha mimi. Alikuwa akinisifu ati vidole vyangu vina subira, nami namwambia wacha kunibembeleza, kunywa chai.

Basi akafa. Trekta lilipinduka naye huko Soy, asubuhi moja tu, bila kuaga. Aliniachia watoto watatu na shea moja katika kampuni ya kununua shamba. Lakini risiti ya hiyo shea aliiweka wapi? Nilipekua magodoro, mikebe ya misumari, hata Biblia. Kura ya kugawa ploti ilikuwa Jumamosi, na karani alisema wazi kwamba bila risiti hakuna kuingiza mkono kwa kofia. Shemeji yangu naye, ndugu mdogo wa marehemu, alikuwa ameanza kuwaambia watu kwamba ndugu yake alimwachia yeye ile shea. Huyo huyo, baada ya mazishi, ndiye aliniomba gitaa la marehemu awe nalo kama kumbukumbu. Nikampa kwa mikono yangu, kwa sababu kuliona likining'inia kimya pale dukani kulikuwa kunaniumiza roho.

Alhamisi ikanyesha mvua ya mawe. Unaijua ya Eldoret, mabati yanapigwa mpaka husikii mtoto akilia kando yako. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamume mrefu wa koti la kijivu, gitaa mkononi. Sura yake sikuijua. Jambo la kwanza niliona ni kwamba koti lake lilikuwa kavu. La pili, gitaa lile lilikuwa la mume wangu.

Nikajiambia, ala! Shemeji ametuma mtu achungulie kama nimepata risiti.

"Mama Wanjiru," akasema, "sauti inayumba. Fungua hapa penye sumaku."

"Umelitoa wapi hilo gitaa?"

"Fungua, Mama Wanjiru."

Nani alimwambia jina langu? Nikaliunganisha kwa amplifaya, nione tu mwisho wa ujanja wake. Akalowesha kidole kwa ulimi, akagusa uzi. Marehemu alikuwa akifanya hivyo hivyo. Hata hilo nikasema ni shemeji amemfundisha. Sauti ikatoka imepinda, ikitetemeka. Na niamini, ule ugonjwa niliutambua mara moja. Sumaku ikikaribia nyuzi sana huzivuta, na gitaa linaanza kudanganya. Maana yake kuna kitu chini ya kisanduku kimekiinua. Ni skrubu mbili tu, kazi ya dakika moja, na bisibisi ilikuwa mkononi mwangu!

Lakini nilikuwa nimekasirika mpaka naona giza.

"Mwambie aliyekutuma, hapa hapati kitu!" Nikashika kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuunganisha nyaya, nikakielekeza usoni pake. Hakurudi nyuma. Alinitazama tu, macho yakimlengalenga machozi.

"Jumamosi iko karibu," akasema, na akatoka na gitaa lake.

Nikakimbia mlangoni nimtukane mgongoni. Barabara ilikuwa nyeupe, mawe yamelala kila mahali. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Hata wa kuingia.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilijifunga leso, nikaenda kwa miguu mpaka Kimumu kwa shemeji. Gitaa lilikuwa ukutani, kwenye msumari, limejaa vumbi, nyuzi mbili zimekatika. Lile la mchana lilikuwa na zote sita. Mke wake akaapa kwamba halijashuka hapo tangu mazishi. Na bado, sikia ujinga wangu, bado sikuelewa! Nilimwita shemeji mwizi na mchawi mbele ya majirani. Akanifukuza, akasema nisikanyage tena kwake.

Jumamosi shemeji akaleta mashahidi wawili waape kwamba shea ni yake, karani akasahau habari ya risiti, naye akaingiza mkono kwa kofia. Alitoa ploti nzuri, karibu na mto. Mimi nilisimama nyuma ya kamba na watoto wangu watatu, nikipiga makofi kwa sababu kila mtu alikuwa akipiga.

Miaka ikapita. Siku moja mwalimu wa kwaya akaniletea gitaa alilouziwa huko Kimumu. Hakujua lilikuwa la nani. "Mama, sauti inayumba," akasema. Nikachukua bisibisi. Nikafungua skrubu mbili. Chini ya sumaku kulikuwa na risiti, imekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni, na jina la mume wangu juu yake. Marehemu alimjua ndugu yake kuliko mimi nilivyomjua, ndiyo maana akaificha. Lakini kampuni ilikuwa imekufa, na ploti shemeji alishaiuza kwa watu ambao wamejenga hapo na kuzika hapo.

Risiti ninayo mpaka leo. Na kazi yoyote nikiletewa naifungua mpaka ndani, hata tochi iliyoishiwa na betri tu, wateja wanacheka. Wacha wacheke.

Nawe mtu akija kwako na kitu mkononi, akuambie fungua, mshuku upendavyo, mtukane hata. Lakini fungua kwanza. Mume wangu alikuja kutoka huko alikokuwa, kwa sura ya kuazima, akasimama mbele yangu, na mimi nikamwonyesha chuma cha moto.